Kibla Katika Kona za Mau

Sisi tuliozaliwa Mombasa tumejaliwa neema moja ambayo aghlabu hatuishukuru kwa kuwa hatuitambui, nayo ni kwamba mji wetu na mji wa Makka imekaa takriban katika mstari mmoja utokao kusini kwenda kaskazini, hata mtu akisimama Ngomeni akaupa uso wake kaskazini halisi, huwa amekwisha ielekea Kaaba pasi na hesabu, pasi na dira, pasi na kumuuliza mtu. Ndiyo sababu katika lugha ya wazee wa Mwambao kibla si jina la ibada peke yake, bali ni jina la upande wa dunia: nyumba ina chumba cha kibla, shamba lina mpaka wa kibla, na mwenye kuuliza njia huambiwa ashike kibla mpaka penye mkwaju, naye asidhani kuwa ameamrishwa kusali. Aliyekulia katika maneno hayo huja akaamini, bila ya kufundishwa na yeyote, kwamba mwelekeo ni kitu kilichomo ardhini kama kisima, nawe wajibu wako ni kujua tu kilipo. Mimi imani hiyo ilinivunjikia usiku mmoja, nami ni kijana, juu ya milima ya Mau, katika behewa la daraja la tatu la gari la moshi lililokuwa likienda Kisumu.

Yafaa niieleze njia yenyewe kwanza, maana hoja yangu yote imefungwa humo. Reli hii ilianza kutandikwa Mombasa mwaka 1896, nayo ikafika ukingoni mwa ziwa tarehe 20 Desemba 1901, baada ya kukata maili zipatazo 580 za nyika, mbuga na milima. Walioitandika wengi wao walikuwa watu wa Bara Hindi, wa Punjab hasa, wapatao 32,000, na katika hao kiasi cha 2,500 hawakurudi kwao wala hawakubaki kwetu, bali walikufa kwa maradhi, kwa ajali na, pale Tsavo mwaka 1898, kwa meno ya simba. Simba ndio walioandikiwa vitabu, walakini wao walikuwa shida ya miezi tu. Shida ya miaka ilikuwa ni milima. Toka Nairobi reli hupanda hadi Limuru, kisha ardhi humkatikia mtu chini ya miguu kwa kina ambacho anayekiona mara ya kwanza hushika kitu kilicho karibu naye, ndipo reli huteremka Bonde la Ufa kupitia Kijabe, ikapita Naivasha na Nakuru, ikapanda upya Njoro, Elburgon na Molo hata kileleni pa Mau, zaidi ya mita 2,500 juu ya bahari, kabla ya kushuka Londiani, Kipkelion, Fort Ternan na Muhoroni kuliendea ziwa.

Sasa gurudumu la chuma juu ya reli ya chuma ni kitu chenye kuteleza. Huo ndio uzuri wake bondeni, kwa kuwa injini moja huvuta mzigo usiovutika na zizi zima la maksai. Na huo ndio udhaifu wake mlimani, kwani mwinuko ambao punda mwenye magunia huupanda huku akitafuna, gari la moshi hulishinda. Mhandisi hana budi kuridhika na kupanda kiasi cha futi moja katika kila futi hamsini za mwendo, na hata hapo dereva humwaga mchanga juu ya reli ili magurudumu yapate kushika. Mlima usiokubali kima hicho hauendewi uso kwa uso. Njia huufuata ubavuni, huingia katika kila kikunjo chake na kutoka, na penye korongo lisilozungukika huwekwa daraja. Katika kuvuka Mau walihitaji madaraja marefu ya chuma 27, nayo yakaundwa Marekani, yakaletwa kwa meli vipande vipande na kuunganishwa papo hapo juu ya makorongo.

Walijaribu, naam, kwenda moja kwa moja. Penye ukingo wa Bonde la Ufa, kwa kuwa kazi ya kuchonga njia ya kudumu ilikuwa ndefu, na kule mbele mataruma na reli zilikuwa zangojewa, walitandika njia ya muda iliyoushuka ule mporomoko kwa unyoofu, na mabehewa yakateremshwa juu ya majukwaa yaliyoshikiliwa kwa kamba za chuma. Hiyo ndiyo iliyokuwa njia nyoofu kupita zote katika mlima ule, nayo ilitumika miaka kama miwili tu, ikang'olewa. Iliyobaki ni ile iliyopinda.

Niirudie safari. Gari lilitoka Nairobi magharibi ikiingia, na katika behewa letu alikuwamo mzee mmoja wa pande za Lamu, amevaa kanzu na juu yake koti zito la askari lililokwisha rangi, akienda kumtazama binti yake aliyeolewa Kisumu. Usiku wa manane tulisimama Molo, na baridi ya Molo si baridi ya kusimuliwa mtu wa pwani akasadiki. Wanawake wakaja madirishani na taa za chemli, blanketi zimefungwa kifuani, wakiuza viazi vya kuchemsha na chai ya maziwa katika vikombe vya bati ambavyo shurti virudishwe kabla ya kipenga cha gadi, kwa hiyo abiria hulazimika kuinywa ikimchoma, huku mwenye kikombe amemkazia macho kama mdai aliyemfumania mdeni wake sokoni. Mzee alikunywa vikombe viwili. Kisha akajikunyata katika koti lake, akalala kwa kuketi.

Alfajiri ilipokaribia, nasi tumekwisha kukipita kilele, alitawadha kwa maji ya birika lake, kiganja kwa kiganja, akaniuliza, "Mwanangu, kibla ki wapi?" Nami kwa fahari ya ujana nikamwonesha dirisha la kulia, maana gari lilikuwa likielekea magharibi, na Zuhura ilikuwa inang'aa nyuma yetu. Kabla hajamaliza kutandika mswala wake baina ya mizigo ya watu, Zuhura ilikuwa imekuja dirisha la kulia. Nikamgeuza. Ikapotea nyuma ya mlima, tukavuka daraja, mvumo wa magurudumu ukabadilika kwa utupu uliokuwa chini yake, na ilipotokea tena ilitokea dirisha la kushoto, nami sikuwa na la kusema ila, "Mzee, sijui tena." Hakukasirika. Akaniambia, "Unajua. Wewe itazame hiyo nyota tu. Ukiona imehama, nishike bega unigeuze." Akahirimia. Katika rakaa zile mbili nilimgeuza mara nne, na kila mara aligeuka polepole, bila ya kukata kisomo chake, kama mlango uliotiwa mafuta bawabani. Alipotoa salamu akasimama, akaniachia mswala, akaenda kushika zamu yangu dirishani.

Baadaye nilipata kujua kuwa jambo tulilolifanya kwa dharura lina asili yake. Kibla cha Waislamu kilipohamishwa kutoka Baitul-Mukaddas kuja Makka, katika mwaka wa pili wa Hijra, watu wa Kuba walikuwa wamo katika sala, nayo ni sala ya alfajiri, alipowajia mtu na habari hiyo, nao wakageuka hapo hapo walipo, bila ya kuivunja sala yao, wakaikamilisha upande huu waliyoianza upande ule. Wanazuoni wa Kishafii, ambao ndio tunaowafuata katika Mwambao, huruhusu sala ya suna ya msafiri ielekee kule aendako mnyama wake, kwa kuwa hivyo ndivyo alivyofanya Mtume. Ama faradhi hawaiachilii kibla, na mwenye kuisali jahazini hutakiwa ageuke kadiri jahazi ligeukavyo. Juu ya gari la moshi nimesikia ihtilafu: wako waliolipima kwa jahazi, na wako walioshauri kungoja stesheni, kwa hoja kuwa gari husimama na bahari haisimami. Mwenye rai hii ya pili, nadhani, hajapata kungoja stesheni ya milimani huku jua likinyemelea kuchomoza.

Al-Ghazali naye, katika kitabu cha adabu za safari kilichomo ndani ya Ihya yake, amemtaka msafiri ajifunze dalili za kibla, akazigawa mafungu matatu: za ardhini, kama milima na mito; za hewani, kama pepo; na za mbinguni, ndizo nyota. Nilipokisoma kipande hicho nilicheka peke yangu, kwa kuwa mlima, uliotajwa miongoni mwa dalili, usiku ule ndio uliokuwa ukituzungusha. Yeye alimfikiria msafiri wa ngamia, ambaye mlima kwake ni kitu kilichosimama, na mwenye kwenda ni yeye.

Toka hapo ndipo swali lilipoanza kunisumbua, nalo halihusu gari la moshi peke yake. Kila Mwislamu mwenye kusali sala tano humwomba Mola wake amwongoze katika njia iliyonyooka mara 17 kwa siku, kwa idadi ya rakaa. Na akiwa safarini, akipunguza zile za rakaa nne kuwa mbili, huomba mara 11. Basi msafiri wa Mau huomba mara 11 njia iliyonyooka, naye amekaa juu ya njia ambayo haina unyoofu wa kujaza uwanja wa mpira. Je, huo unyoofu tunaouomba ni wa njia, au ni wa nini?

Maalimu wangu, nilipomletea swali hili, alilijibu haraka kuliko nilivyopenda. Alisema kona ni rukhsa na unyoofu ndio azima, yaani kwamba kuzunguka kumeruhusiwa kwa udhaifu wetu tu, na lau tungalikuwa na nguvu tungalikwenda moja kwa moja. Nilimheshimu nikanyamaza, lakini sikuridhika, wala sijaridhika hata leo. Rukhsa ni kitu ambacho ikiondoka sababu yake, nacho huondoka. Ama kona ya mlima si upungufu wa mhandisi, ni ilmu yake. Itazame reli ilivyolazwa penye kona: reli ya nje huinuliwa kidogo kupita ya ndani, ili uzito wa gari linapopinda uegemee ndani usilitupe korongoni, na kima cha kuinua hupimwa kwa ukali wa kona na kasi ya gari. Zitazame zile injini za Garratt zilizotengenezwa Manchester, ambazo kubwa kupita zote, 34 kwa idadi, zililetwa katikati ya miaka ya 1950 kuvuta mizigo baina ya Mombasa na Nairobi, zikapewa majina ya milima ya Afrika Mashariki: kila moja ilikuwa na tani 250 na ushei, nayo iliweza kupita katika kona zetu kwa sababu ilifanywa mafungu matatu yaliyoungwa kwa viungo, hata mlima ule wa chuma ukawa na uti wa mgongo. Moja yao, Mount Gelai, imewekwa katika makumbusho ya reli Nairobi, na asiyeamini akaitazame maungo yake.

Na katika Himalaya, kwenye reli nyembamba ya Darjeeling iliyofunguliwa mwaka 1881, wamekwenda mbali zaidi, kwa kuwa pako mahali ambapo hata kona haikuenea, ndipo gari hupanda mpaka ncha ya njia, likasimama, likarudi kinyumenyume kwa njia ya pili iliyo juu ya ile ya kwanza, likasimama tena, ndipo likaendelea mbele. Abiria aliyelala akiamka katikati ya kinyumenyume kile hufikiri kuwa safari imevunjika, ilhali kila kurudi kumempandisha. Nami sikumbuki hilo ila nikakumbuka kuwa asili ya neno toba katika Kiarabu ni kurejea.

Walakini nilipofika hapa katika fikira zangu niliingiwa na hofu, kwa kuwa niliona jinsi hoja hii itakavyompendeza mnafiki. Mla rushwa atasema anazunguka mlima. Mwenye kuahidi asitimize atasema yumo konani. Nani atakayetofautisha kupinda kwa mhandisi na kupepesuka kwa mlevi, maadamu vyote viwili havikunyooka? Jawabu nililipata kwa watu wa gengi. Kila kipande cha reli kilikuwa na gengi lake na nyapara wake, wakikaa katika nyumba ndogo za landi kando ya njia, wake zao wakilima viazi hata karibu ya kokoto, watoto wao wakiijua saa kwa mlio wa gari. Na kila siku, jua au mvua, mtu alitembea kipande chake chote na nyundo ndefu begani, akigonga, akisikiliza, akikaza parafujo iliyolegea, akiinama kutazama kama taruma limezama. Nilimwuliza mmoja wao pale Londiani kwa nini hukagua kona zaidi kuliko penye unyoofu. Akanijibu kwa namna ya mtu aliyeulizwa kwa nini anakula kwa mkono, "Reli iliyonyooka hujilinda, bwana. Kona hutaka mtu." Hapo ndipo tofauti ilipo. Kona ya mhandisi imepimwa, ina mlinzi, na ukitoka katika kona hiyo uko juu zaidi ya ulipoingilia; mlevi hana hata moja katika hayo matatu.

Siku hizi iko reli mpya, ya kipimo kipana, iliyofunguliwa Oktoba 2019 kuelekea pande za Naivasha, ambayo haikuuzunguka ukingo wa Bonde la Ufa bali imeutoboa, na handaki lake la Ngong lina urefu wa kilomita nne na nusu. Sina ugomvi nayo. Natambua tu kwamba hapo unyoofu umepatikana kwa kiza, na kwamba mtoto anayesafiri humo hupita mahali pazuri kupita pengi duniani akiwa anautazama uso wake mwenyewe katika kioo.

Lau ningaliishia hapo, makala haya yangalikuwa mepesi, nami ningaliyapenda zaidi. Lakini liko jambo ambalo mzee wa Lamu hakuniuliza wala sikumuuliza, nalo ni kwamba tulijishughulisha usiku ule na upande wa uso wetu, tusiulize habari ya mahali pa miguu yetu. Mlima ule haukuwa mtupu kabla ya reli. Wanandi husimulia kuwa Orkoiyot wao, yaani kiongozi wao mwaguzi, Kimnyole, kabla ya kuuawa na watu wake mwenyewe mwaka 1890, aliagua kuja kwa joka lenye kutoa moshi na moto. Na joka lilipokuja walipigana nalo kwa miaka, wakichukua nyaya za simu wakazifanya mapambo na parafujo za reli wakazifanya silaha, mpaka Oktoba 1905, ambapo mwanawe Kimnyole, Koitalel arap Samoei, alitoka kuzungumza suluhu na afisa wa Kiingereza, Richard Meinertzhagen, akapigwa risasi akafa. Baada ya vita hivyo Wanandi waliokaa karibu na njia, upande wa Kibigori na Muhoroni, walihamishwa. Wamaasai nao, kwa mapatano ya mwaka 1904, walikuwa wamekwisha kuondolewa katika malisho ya Bonde la Ufa yaliyo karibu na reli, ili walowezi wayapate. Watu hao hawakuuliza kama njia imenyooka au imepinda. Waliuliza imepita kwa idhini ya nani.

Wanazuoni wa usuli wana mas'ala mashuhuri, ambayo mwanafunzi huyasoma akidhani ni mchezo wa akili: mtu akisali katika ardhi iliyonyang'anywa mwenyewe, na sala yake imetimia kila sharti, tohara iko, sitara iko, kibla kiko, sala hiyo ina hukumu gani? Wetu wa Kishafii, na wengi wengineo, husema yasihi, ila mwenye kusali ana dhambi ya kuikalia ardhi ile. Rai mashuhuri ya Wahanbali husema haisihi, kwa kuwa kitendo kimoja hakiwezi kuwa utiifu na uasi kwa pamoja. Mimi kwa madhehebu nafuata hao wa kwanza. Kwa moyo, kila nikumbukapo alfajiri ile, huwaelewa hao wa pili. Mzee hakunyang'anya kitu cha mtu, hilo ni yakini. Alinunua tikiti kwa fedha ya halali. Lakini tikiti humpa mtu kiti, haimpi ardhi iliyo chini ya kiti. Na wale makuli wa Kipunjabi waliofia njiani, ambao wale Waislamu miongoni mwao walilazwa kwa ubavu wa kulia, nyuso zao kaskazini, hata ikawa reli yazunguka na wao hawazunguki, nao pia walifika kwa mkataba wa mtu mwingine, wakazikwa katika ardhi ambayo hawakumwomba mwenyewe, wala hawakujua kuwa anaye mwenyewe.

Jua lilipochomoza tulikuwa tumesimama karibu na Fort Ternan, ishara imetufungia, gari la mizigo likingojwa kutoka chini. Nje, upande wa juu wa reli, alisimama mzee mwenye blanketi na fimbo, wa umri wa kutosha kuwa alizaliwa kabla ya chuma kufika huko, na ng'ombe wake kama ishirini, na upande wa pili, chini yetu, palikuwa na kijito. Mzee wa Lamu, ambaye alikuwa akiukunja mswala wake, alimpungia mkono dirishani akamwambia, "Salama, mzee mwenzangu? Wangoja nini?" Yule akaitazama injini, akatutazama sisi, akajibu kwa Kiswahili kizuri, pasi na hasira yoyote, "Nangoja nyinyi mpite."

Ishara ikafunguka. Gari letu lilikuwa refu, nalo likaenda polepole kwa ajili ya kona, na nilipochungulia nyuma kwa mara ya mwisho ng'ombe walikuwa bado hawajavuka.